Mlango wa Kutokea wa Jongea

Niliyoyaona Jongea nitayasema, na nisiyoyaona sitayaapia. Jinsi nilivyofika huko ni habari ndefu isiyo na faida, na mwenye hamu ya habari za njia na awaulize wachukuzi. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimestaafu ukarani wa posta baada ya miaka thelathini na moja ya kukaa nyuma ya dirisha, na mtu aliyekaa upande ule wa dirisha muda wote huo hujiona bingwa wa mambo ya foleni. Siku yangu ya kwanza Jongea niligundua kwamba nilikuwa sijui kitu.

Katikati ya nchi hiyo upo Uwanja uliozungushiwa ua mrefu wa miti, na ndani yake unachezwa Mchezo. Mchezo wenyewe haufanani na bao wala karata. Mtu akiingia huacha jina lake mlangoni akachukua jingine alipendalo, hivyo muuza vitunguu akawa Simba wa Milima, na mwalimu wa hesabu akawa Binti Radi. Humo ndani wanapigana kwa panga za mti na mazimwi ya majani makavu, wanavua samaki madimbwini, wanajenga nyumba, wanaoana kwa mzaha na kugombana kwa kweli. Sikukutana na Mjongea hata mmoja asiyeupenda Mchezo. Lakini Uwanja unachukua watu elfu tatu tu, na wanaoutaka ni wengi kuliko hao. Kwa hiyo sheria ya mlangoni ni fupi: mmoja akitoka, mmoja ataingia. Wengine hungoja nje wakiwa wameshika kamba.

Kamba hiyo ndiyo katiba yao. Ni ya mkonge, inaanzia mlangoni na kupita mtaa baada ya mtaa. Anayefika hupewa kibao chenye namba, ambayo hupunguzwa kila foleni inaposogea, akashika kamba, na tangu hapo mkono wake mmoja ni mali ya serikali. Akiiachia, namba imekwenda, anarudi mkiani. Watu hula wakiwa wameshika kamba, hunyoana wakiwa wameshika kamba, na mimi nilihudhuria posa iliyofanyika papo hapo, kati ya namba 214 na namba 215. Kijana alishindwa kumpa mkwe wake mikono miwili kama adabu inavyotaka, na mkwe, ambaye naye alikuwa na namba, akaelewa.

Mara mojamoja kamba hukatika. Ikikatika, watu kumi wa huku na kumi wa huku huhesabiwa kuwa wameiachia, nao hurudishwa mkiani. Nilimuuliza afisa mmoja kama haingekuwa afadhali kuifunga fundo. Alinijibu kwamba fundo hufungwa, tena upesi sana, ila wakati huo wale watu ishirini huwa wameshaondoka.

Hapo mlangoni upo pia ubao wa kutangaza muda uliobaki wa kungoja. Siku niliyofika ulisema "Saa mbili". Kesho yake ulisema "Siku tisa". Siku iliyofuata ulisema "Chini ya dakika moja", ukasema hivyo tangu alfajiri hadi jioni, na watu wakautazama kwa adabu. Makadirio hayo hufanywa na ofisi yenye wataalamu kumi na wanne. Hakuna kati yao aliyewahi kushika kamba, kwa sababu kazi zimewazidi.

Mwenyeji wangu alikuwa Bwana Shekuwe, msaidizi mkuu wa Idara ya Pole. Hii ndiyo idara kubwa kuliko zote nchini. Kila asubuhi Bwana Shekuwe hupanda juu ya jiwe, akasoma tangazo kwa sauti nzito yenye huzuni: "Ndugu wachezaji, tunaitambua adha mnayoipata. Tunawashukuru kwa subira. Wingi wenu ni dalili ya mapenzi yenu." Asubuhi ya kwanza niliyomsikiliza aliongeza kwamba, kwa kufidia usumbufu, kila aliyeshika kamba amepewa siku saba za kucheza bure, kuanzia siku hiyo hiyo. Watu walishangilia kwa kujipiga mapajani, maana mkono wa pili wa kupigia makofi hawakuwa nao.

"Lakini hawamo ndani," nilimwambia tulipokuwa tukinywa chai. "Watachezaje siku hizo saba?"

"Hilo ni swali la Idara ya Milango, mzee," alisema. "Sisi ni Pole."

Usidhani hawajajaribu tiba nyingine. Umbali wa nusu saa tu wamejenga Uwanja wa Pili, mpana zaidi, wenye madimbwi mapya na mazimwi ambayo hayajapigwa hata mara moja. Hauna foleni. Nilipoutembelea, mlinzi wake alinikumbatia, akanionyesha kila kona, kisha akaniomba nisiondoke haraka. Nilipowauliza watu wa kwenye kamba kwa nini hawahamii huko, walinitazama kwa huruma. Wenzao wako ule wa kwanza. Sasa wakacheze na nani? Na wale wenzao wakiulizwa husema hivyo hivyo kuhusu hawa.

Nilisikiliza pia Baraza lao likijadili suala la foleni. Mzungumzaji mmoja alitaka Uwanja upanuliwe. Wa pili alisema ukipanuliwa foleni itakwisha, na nchi isiyo na foleni nani ataiheshimu? Wa tatu alipendekeza wale waliongoja muda mrefu zaidi wapewe nishani, na hilo likapita bila kupingwa. Nishani hutolewa ndani ya Uwanja.

Kwenye kamba ndipo nilipomjua Bi Mwatime, mwoka mikate, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwenye sauti ya chini na mkono uliochubuliwa na mkonge. Alikuwa na namba 122. Wajongea hawaulizani hali. Mmoja husema "Imesogea?" na mwenzake hujibu "Inasogea," hata kama kamba haijacheza tangu jana. Nami nilimsalimu hivyo. Yeye hakujibu kama desturi.

"Haijasogea, mzee," alisema. "Na leo ni siku yangu ya thelathini na saba."

Nikamuuliza siku ya thelathini na saba ya nini, akanieleza. Ndani ya Uwanja viwanja vya kujengea ni vichache, kwa hiyo ipo sheria kwamba nyumba ambayo mwenyewe hajaikanyaga kwa siku arobaini ni gofu. Jua la siku ya arobaini likitua, inabomolewa, kiwanja anapewa mwingine. Bi Mwatime na dada yake Mwanasiti walikuwa na nyumba humo, yenye mlango wa buluu, waliyoijenga kwa miaka sita.

"Nje huku dada yangu alikuwa mtu wa haya," alisema. "Hata dukani nilimsemea mimi. Ndani humo, mzee, alikuwa Malkia Pweza. Anakemea watu wazima na ndevu zao! Wanamnyenyekea. Ungemwona usingeamini ni yeye."

"Yuko wapi sasa?"

"Homa ilimshika humo humo. Nikamtoa mgongoni. Siku hiyo hiyo akafariki." Alibadilisha mkono kwenye kamba. "Nikazika, nikakaa matanga, nikapokea watu waliokuja kunipa pole. Siku ishirini zikaisha. Halafu nikaja kushika kamba, nikapewa 412. Nilipofika 60, kamba ikakatika karibu yangu. Nikaanza upya, 500."

Nilimwambia, kwa ubaridi ambao ndiyo tabia yangu, kwamba nyumba ya mchezo ni nyumba ya mchezo, na marehemu hayumo. Hakukasirika. Aliniambia kwamba mwezi wa mwisho dada yake alikuwa akichora samaki kwenye ukuta wa chumba cha ndani. Alitaka samaki saba. Akatundika shuka mlangoni mwa chumba, akamwambia nduguye asichungulie mpaka amalize.

"Sikuchungulia," alisema Bi Mwatime. "Kwa hiyo sijui alifika wangapi. Nataka kuuona huo ukuta mara moja tu. Niuone, nitoke. Sina haja na panga zao."

Nyuma yake, na namba 123, alisimama Bwana Pandu, mtu mrefu, mkimya, aliyejitambulisha kuwa mtumishi wa serikali. Walikuwa wamezoeana. Bi Mwatime akitaka kuswali, yeye alimshikia kamba, mkono mmoja kwa namba yake na mmoja kwa namba ya jirani. Sheria inaruhusu kushikiwa kwa ajili ya swala na haja ndogo tu. Bi Mwatime naye alikuwa amemwahidi kwamba akishauona ukuta atatoka mara moja, ili Bwana Pandu aingie nyuma yake.

Siku ya pili yake jioni, Bwana Shekuwe alinijia na habari njema. Wageni wa serikali hawapangi foleni. Nilipitishwa mlango wa pembeni wenye zulia, nikaingia Uwanjani, na watu wa kwenye kamba wakanipungia mkono mmoja mmoja. Wakati ule sikufikiri lolote zaidi ya kwamba zulia lile lilihitaji kufuliwa.

Humo ndani nilitarajia kuona Mchezo. Niliona miguu ikitikiswa.

Maelezo yake ni haya. Ili mtu asishike nafasi bure, kila aliye ndani huvaa njuga mguuni, na njuga zisiposikika kwa robo saa, wale maafisa waitwao Wasikilizaji humkamata na kumtupa nje kwa tundu la uani. Sheria hii ilitungwa na watu wenye akili. Lakini aliyetupwa anajua kamba inavyongoja, kwa hiyo hakuna anayethubutu kutulia. Hawawezi kupigana na zimwi, maana pigano lina kuvizia na kuvizia kunataka kimya. Wanakaa vizingitini na kutikisa miguu. Wanapotaka kulala, humfunga mbuzi njuga zao na kumwacha atembee. Bwana Shekuwe alikisia kwamba kati ya wachezaji elfu tatu waliokuwa wakisikika usiku, mia nane walikuwa mbuzi. Na wanaotupwa nje, watu arobaini hivi kwa siku, ni wale ambao mbuzi wao wamelala pia.

"Mbona msiende nyumbani mkapumzike, mrudi kesho?" nilimuuliza mwanamume mmoja aliyejiita Kimbunga, ambaye macho yake yalikuwa mekundu kabisa.

"Nirudi kesho?" alisema, akacheka mpaka njuga zikalia zenyewe. "Mzee, wewe mgeni kweli."

Watu hawa ni wema sana. Jirani akisinzia, wa pembeni humshika mguu na kumtikisia. Nilimwona bibi mmoja akitikisa mguu wake, wa mumewe na wa mtu asiyemjua, huku akinisimulia ushujaa wake wa zamani, enzi ambazo Mchezo ulikuwa ukichezwa.

Wajongea nao wanaijua methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi siku yangu ya tatu humo Uwanjani nilipewa njuga. Alinifunga Bwana Shekuwe mwenyewe, asubuhi, akisema sasa mimi ni mchezaji kama wengine. Akaniambia pia kwamba siku hiyo ingekuwa njema, kwani Idara ya Pole, ikiwaonea huruma watu kwa ajili ya foleni, imeahidi kofia ya manyoya ya tausi kwa kila atakayekuwa ndani jua likitua.

Ilikuwa siku ya arobaini ya Bi Mwatime. Nilihesabu mara mbili kwa vidole, kama nilivyokuwa nikihesabu stempu.

Nilikwenda uani karibu na mlango, nikamwona kupitia katikati ya miti. Alikuwa namba moja. Nyuma yake, namba mbili, Bwana Pandu. Tangu alfajiri hakuna aliyetupwa nje. Kwa sababu ya kofia, hakuna aliyelala. Hata mbuzi walikuwa wakisukumwa kwa fimbo.

"Jana jioni nilikuwa namba mbili," aliniambia Bi Mwatime. "Mmoja akaingia. Angetupwa mmoja zaidi tu, ningekuwa ndani."

Mmoja zaidi. Nilisimama pale na njuga zangu mguuni, nikaelewa lile zulia lilikuwa la nini. Watu ni elfu tatu, na mmoja wa hao elfu tatu nilikuwa mimi. Siku nilipoingia kwa mlango wa pembeni, mstari mzima ulikaa nyuma kwa nafasi moja, na wao wakanipungia mkono.

Nitasema jambo ambalo sikulisema kwa mtu yeyote Jongea. Mwaka wangu wa ishirini kazini alifika mama mmoja dirishani saa kumi kamili, akiwa amekaa foleni tangu asubuhi, na mkononi ana karatasi ya telegramu ya msiba ya kumpelekea mwanawe. Nilifunga dirisha. Saa ilikuwa kumi, na kanuni ilikuwa upande wangu. Niliona aibu siku ile, na nilipokuwa nimesimama uani niliiona tena, mbichi kabisa.

"Usiondoke hapo," nilimwambia, maneno ya kipumbavu kumwambia mtu aliyeshika kamba. "Natoka mimi. Nakupa nafasi yangu."

Mlango wa zulia hautoi wachezaji, na mlango wa kutokea uko upande wa pili wa Uwanja, mwendo wa saa nzima kwa miguu yangu. Nikiwa njiani watu waliniuliza naenda wapi, na nilipowajibu walinipisha njia. Nilifika alasiri. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli upande wa nje. Kupitia ufa niliona kiti cha mlinzi, na juu ya kiti buibui alikuwa ametandaza kazi yake bila kusumbuliwa. Niligonga mpaka vidole vikauma. Hakuja mtu.

Nilirudi kwa haraka niliyoweza, nikamkuta Bwana Shekuwe akipanga zile kofia. Nilimuuliza mlinzi wa mlango wa kutokea yuko wapi. Alifungua daftari, akapitisha kidole.

"Pandu," alisema. "Yuko likizo. Siku kumi na mbili sasa."

"Na aliyeshika nafasi yake?"

"Hakuna aliyelalamika, mzee."

Ikanijia kwamba kwa siku kumi na mbili nchi nzima ilikuwa imefungiwa, walio ndani ndani na walio nje nje, ila wa kutupwa tu, na hakuna aliyetambua, kwa sababu hakuna aliyejaribu kutoka. Nilikimbilia uani. Mtu wa umri wangu hakimbii, nilikimbia.

"Bwana Pandu! Ufunguo unao?"

Alishtuka. Kisha akaonyesha kwa kidevu kiunoni mwake, ambako ufunguo mkubwa ulining'inia kwa uzi. "Ninao. Sijawahi kuupoteza."

"Nenda ukanifungulie, nitoke, Bi Mwatime aingie."

Alitazama kamba mkononi mwake. "Nikienda napoteza namba, mzee. Mimi ni wa pili."

"Bi Mwatime atakushikia."

"Swala na haja ndogo tu," alisema Bwana Shekuwe, aliyekuwa amenifuata akihema. "Kufungua mlango hakukutajwa."

"Basi mpe Bwana Shekuwe ufunguo!"

"Mimi ni Pole," alisema Bwana Shekuwe, na nadhani aliona haya kidogo. "Milango ni idara nyingine."

Sasa Bi Mwatime aligeuka, akamwangalia mwenzake wa siku kumi na mbili. "Pandu, kaka yangu. Siku ile nimembeba dada mgongoni, ni wewe uliyenifungulia. Ulimshika kichwa kisigonge mhimili. Nifungulie mara hii tena."

Nilimwona mtu yule akilia huku mikono yake miwili ikiwa kwenye kamba, hivyo machozi yalimshuka tu, hakuwa na cha kuyafutia. "Miaka saba nimekaa mlango ule," alisema. "Waliotoka wamebebwa. Anayetoka kwa miguu yake na kwa kupenda kwake sijamwona hata mmoja. Nikajiambia, Pandu, humo ndani lazima kuna kitu, na wewe umekaa mgongoni mwake maisha yako yote. Nami nataka kukiona, Bi Mwatime. Nisamehe. Siwezi kuachia."

Nilikasirika, nikamtukana kwa maneno ambayo karani mstaafu hapaswi kuyajua. Halafu nikakumbuka kwamba iko njia nyingine ya kutoka. Nilifungua njuga mguuni, nikaziweka kwapani, nikakaa chini kimya.

Haikupita dakika tano, mama mmoja akaniona. "Mzee, utatupwa!" Akachukua njuga kwapani pangu, akazitikisa kwa nguvu, akanifunga tena mguuni akitabasamu. Robo saa ikaanza upya. Nikahamia kivuli kingine. Kimbunga, yule wa macho mekundu, akanikuta, akanishika mguu na kunitikisia, akisema sisi sote ni ndugu. Nilimsukuma. Alidhani usingizi umenipanda kichwani, akatikisa zaidi. Jua lilikuwa limeshuka usawa wa paa, na mimi nilikuwa nimezungukwa na watu wema pande zote.

Ndipo nikakumbuka mahali pasipo jirani. Nyumba iliyotiwa alama ya kubomolewa haina mtu anayeisogelea, maana wanasema ina mkosi. Niliutafuta mlango wa buluu, nikauona, umepigwa msalaba wa chokaa nyekundu. Vijana wanne wenye majembe walikuwa wamekaa nje wakitikisa miguu na kulitazama jua. Niliingia, nikapita vigoda viwili vya mlangoni, nikainua shuka, nikakaa sakafuni katika chumba cha ndani.

Samaki walikuwa sita. Kila mmoja ana rangi yake na sura yake, na mmoja, mnene, mwenye mdomo wa kukemea, alikuwa na taji. Wa saba alikuwa amechorwa kwa mkaa tu, mgongo na mkia, bila jicho. Niliwatazama kwa robo saa nzima. Nimeishi miaka sitini na minne na sidhani kama nimewahi kutazama kitu kimoja kwa muda huo bila kufanya jambo jingine. Wasikilizaji walipokuja na kunishika makwapa, nilisikitika.

Tundu la kutupia watu liko hatua chache kutoka mlango wa kuingilia. Walipokuwa wakinisukuma nje, mlango ulifunguka, na Bi Mwatime alipita mbio, amejifunga kanga kiunoni, viatu mkononi. Nilinyoosha kidole kuelekea nyumba yake, jambo lisilo na maana, kwani njia aliijua kuliko mimi. Jua lilikuwa limebaki ukucha.

Aliyetupwa nje hupewa namba papo hapo, atake asitake. Yangu ilikuwa 941. Nilipelekwa mkiani, nikashikishwa kamba, na sikuiachia, kwa sababu habari za ndani husafiri kwenye kamba, mtu hadi mtu, na mtu asiyeishika haambiwi. Wa mbele yangu alikuwa kinyozi, wa nyuma yangu mama mjamzito. Niliwauliza kila baada ya muda mfupi. Waliniambia inasogea.

Habari ilifika asubuhi. Kinyozi aliipokea kwa wa mbele yake, akageuka, akanipa kama alivyopewa: "Bi Mwatime anamwambia mzee wa posta: nyumba imesimama. Wa saba nitammaliza mimi. Na mwambieni Bwana Pandu anisamehe, leo sitoki."

Niliirudia moyoni mara kadhaa. Nilifurahi, na furaha yangu ilikuwa na mchanga ndani yake, kama wali wa mchele uliochambuliwa haraka. Sikuwa na shughuli nyingine pale. Nilitaka kuiachia kamba, na nitasema kweli, vidole vilikataa. Nilikuwa 941, na kwa kuwa wawili wa mbele walisinzia wakaiachia, usiku ule nilikuwa nimekwisha fika 939. Ilibidi nivifungue kimoja kimoja kwa mkono wa pili.

Nilipoachia, watu wote nyuma yangu walijipiga mapajani kwa shangwe, wakasogea hatua moja. Yule mama mjamzito aliniambia pole kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa.

Njia ya kwenda kwetu inapita mbele ya mlango wa kuingilia, kwa hiyo nilimkuta Bwana Pandu. Alikuwa namba moja bado, maana usiku kucha hakuna aliyetupwa. Mikono yake ilikuwa imevimba. Nilikuwa nimekusudia kumpita bila kumsalimu.

"Mzee," aliniita taratibu. "Wewe umeingia. Ndani kuna nini?"

Nilitaka kumwambia kuna mbuzi. Nilikuwa na haki ya kumwambia hivyo. Lakini nilimtazama usoni, nikamwambia jambo jingine, ambalo nalo lilikuwa kweli.

"Kuna ukuta," nilisema, "wenye samaki sita na wa saba hana jicho."

Uso wake ukang'aa. "Basi inafaa kungoja," alisema, akakaza mikono kwenye kamba. Ufunguo wa mlango wa kutokea ulikuwa bado kiunoni mwake, na niliona alikuwa ameupaka mafuta usishike kutu.